Chakula Ambacho Matroni Hataki

Jumamosi, 3 Machi 2007

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: ninaogopa kuku. Kabla ya kuingia bandani hubisha hodi. Leo shosho, bibi yangu, amenisikia. Aliuliza kutoka jikoni ninaongea na nani, nikasema nakariri shairi. Akasema ni shairi gani hilo la hodi hodi, na wenye nyumba hawana hata kiti cha kunikaribisha.

Na mwoga huyu ndiye aliyejiandikisha na mradi wa kuku katika kongamano la sayansi la shule! Ni Ijumaa. Atakayeshinda anaenda wilayani. Tangu nianze shule sijachaguliwa kwa lolote, hata kufuta ubao. Safari hii lazima.

Mradi wangu unaitwa Chakula Bora. Nimekibuni mwenyewe, kwa msaada wa kitabu cha maktaba: pumba za ngano, maganda makavu ya viazi, maganda ya mayai yaliyopondwa, dagaa wa omena kidogo. Mama alininunulia karatasi moja ya manila, akasema nikiiharibu nitaandika ukutani. Nimeshaijaza yote. Lengo, mbinu, matokeo. Matokeo yako kwa wino mwekundu: "Kuku wote walikimaliza kwa furaha."

Kesho nitawapa waonje.

Jumapili, 4 Machi

Hawakufurahi.

Matroni ndiye kuku mkubwa wa shosho. Nilimpa jina hilo kwa sababu hutembea akikagua watu kama matroni wa bweni. Alichagua omena, moja baada ya nyingine, kama mtoto anayetoa nyama kwenye mchuzi. Kilichobaki akakipiga teke. Kisha akapangusa mdomo ardhini, upande huu na upande huu, akaondoka. Wenzake wakamfuata.

Nikatengeneza Namba Mbili: omena zaidi. Wakala omena zaidi.

Nikatengeneza Namba Tatu: omena zimesagwa, haziwezi kuchaguliwa. Hapo nilijiona mjanja sana. Matroni alikitazama kwa jicho la kulia. Akakitazama kwa jicho la kushoto. Akaenda kulala kwenye jivu.

Shosho amesema kuku wake wamezoea makombo ya githeri, mahindi na maharage tuliyobakiza, si mitihani.

Jumatatu, 5 Machi

Pranav, ninayekaa naye dawati moja, ameleta mradi wake. Ni mfano wa Ziwa Nakuru, na swali lake ni kwa nini flamingo huhama. Ziwa ni la udongo na rangi. Flamingo ni kamande nyekundu, zile punje ndogo kama dengu, kutoka duka la baba yake, amezigandisha ufuoni kwa uji mzito wa unga. Ukisimama mbali unaona ndege kabisa. Inaudhi.

Nilikosea kumweleza habari za Matroni, naye akaniuliza mbele ya darasa zima, "Niaje Wariara, kuku zako bado zimegoma?" Darasa likacheka. Nilikuwa na jibu kali sana. Lilinijia nikiwa karibu na nyumbani, na nimelisahau tena.

Jumatano, 7 Machi

Nimepata! Nimepata!

Baada ya shule shosho alianika mahindi kwenye gunia, akaniweka nilinde. Nilishika mti mrefu wa kuangulia maparachichi, ili niwafukuze kuku nikiwa mbali. Sufuria ya Namba Tatu ilikuwa wazi, njiani kabisa. Waliipita bila kuigeukia, wote, wakaja kwa mahindi. Nikawafukuza. Wakarudi mbio zaidi. Ndipo nikaelewa. Kuku hapendi kupewa. Kuku anapenda kuiba!

Nikaondoa mahindi. Nikamwaga Namba Tatu kwenye gunia, nikakaa kando na mti wangu, nikanuna kama mlinzi wa benki. Matroni alipokaribia nikapiga kelele, "Shii!" Alikuja shingo mbele, akala kama aliyetoka safari. Wenzake pia. Kimeisha!

Karatasi ya manila haikuwa na uongo. Ilikuwa tu imetangulia.

Ijumaa, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilimbeba Matroni hadi shule ndani ya katoni, mikono nimeinyoosha mbele kama anayebeba sufuria ya uji moto. Ukumbini nilitandika gunia, nikamwaga Namba Tatu, nikafungua katoni. Mwalimu Kosgei wa bayolojia, ambaye ndiye jaji mkuu, akafika na kalamu. Akaniambia nieleze. Nikaeleza. Akaniambia nieleze tena, safari hii na yeye asikie.

Shida ilikuwa hiyohiyo. Lazima kuku afukuzwe. Na mimi mbele ya watu sina sauti. Nilisema "shii" kama mtu anayepuliza chai. Mwalimu akauliza kwa nini nafukuza kuku kwenye chakula ninachodai anakipenda. Swali zuri. Matroni naye alikuwa akinitazama, akingoja jibu.

Kwenye meza ya pili Pranav alikuwa amezungushia ziwa lake kamba na kuandika USIGUSE. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakasongamana pale. Pranav, ambaye sauti anayo, akapaza, "Rudini nyuma! Msikaribie hapo!"

Matroni akasikia.

Aliruka hadi mezani, akapita chini ya kamba, akaanza kula flamingo. Pranav akapiga mayowe. Kadiri alivyopiga mayowe ndivyo Matroni alivyokula. Alimaliza ufuo wote wa mashariki. Mtu mmoja akaita, "Mwenye kuku, shika kuku!" Watu wote wakanigeukia.

Nilikuwa juu ya kiti. Sikumbuki kupanda.

Mwalimu Kosgei alicheka hadi akavua miwani. Akamwambia Pranav ameona miradi mingi kuhusu flamingo, lakini hii ndiyo ya kwanza ambamo wanahama kweli. Pranav, bila hata kupumua, akaeleza kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa ziwa likivamiwa. Nafasi ya kwanza.

Mimi niliulizwa kwa nini karatasi inasema kuku wote walikimaliza kwa furaha. Nafasi ya mwisho.

Jumapili, 11 Machi

Pranav amekuja nyumbani na baba yake. Nilidhani ni kushtaki. Kumbe wamekuja kumwomba shosho awaazime Matroni kwa mashindano ya wilaya! Shosho alikubali kabla ya chai kuchemka. Akaniambia, "Ona sasa, kuku anaenda, wewe unabaki."

Pranav akaona uso wangu. Akasema kuna nafasi ya msaidizi, kama nataka. Ninataka! Nitaenda wilayani! Kazi yangu ni kugandisha flamingo wapya kabla ya Ijumaa. Akaniachia mfuko wa kamande na kuniomba nizitunze, kwa sababu dukani ziliisha na hazitaletwa wiki hii.

Walipoondoka nilifikiri sana. Namba Tatu haikuwa na makosa. Ilikosa kitu kimoja tu, na kitu hicho Matroni mwenyewe alinionyesha mbele ya majaji.

Nikatwanga kamande zote kwenye kinu cha shosho. Nikachanganya na pumba, maganda na omena. Nikaweka Namba Nne mbele ya Matroni. Alikitazama kwa jicho moja, akavuka ua, akaenda kula maua ya jirani.

Nikaongeza chumvi kidogo, nikamfuata.