Albamu ya Golikipa

Mchongo alipomsikia golikipa wa timu ya taifa akitangaza redioni kwamba anataka kutoa albamu ya rap, alimshukuru Mungu, maana kodi ya chumba ilikuwa imemkaba. Mjini alijulikana kwa kuuza viwanja visivyokuwepo. Kuuza muziki usiokuwepo angeshindwa vipi?

Akabandika trei za mayai ukutani, akakopa kompyuta na maiki, na chumba chake kikawa studio. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: achukue malipo, mteja aimbe, kisha amwambie umeme umeunguza mashine. Mwenyewe aliona ni mpango wa kitaalamu.

Golikipa, ambaye mashabiki walimwita Ukuta, alifika asubuhi na begi lake la mazoezi, akalipa bila kubishana, akavaa spika za masikioni. Akaimba. Alitafuta kina cha "goli," akapata "goli." Cha "mpira" akapata "mpira mwingine."

Tapeli mwenye akili angetikisa kichwa na kusifia. Lakini Mchongo, hili ndilo balaa lake, alikuwa na masikio. Ujanani alitaka kuwa mwanamuziki, ila uvivu ukamuwahi.

"Hapana, kaka, unaua wimbo. Sikiliza," akasema, akashika maiki:

*Shati lilikuwa moja, Mama kalifua jioni;*
*asubuhi linang'aa, linawachoma machoni.*

Ukuta akakuna kichwa. "Sijashika, kaka. Hebu rudia."

Akarudia. Ukuta akaomba aoneshwe na wimbo wa pili, kisha wa tatu. Kila mara hakushika, na kila mara Mchongo alirudia kwa madaha zaidi, jasho likimtoka, huku akijisifu moyoni kwamba mteja ni mbumbumbu. Jua lilipozama, sauti ilikuwa imemkauka. Ukuta akamshukuru, akabeba begi lake, akaondoka kabla hata hajaambiwa habari za umeme.

Haukupita mwezi, mji mzima ukawa unaimba habari za shati. Watangazaji walisema studio imemsafisha Ukuta sauti. Mchongo alikwenda uwanjani mbio, akamkuta mteja wake akifunga glovu.

"Ile sauti ni yangu!"

"Ni yako," Ukuta akakubali. "Kaka, mpiga penalti akitaka kunidanganya hunikazia macho. Wewe siku ile hata kupepesa hukupepesa. Halafu waya wa maiki ulikuwa unaning'inia tu, haujachomekwa popote."

"Sasa ulirekodi na nini?"

"Simu yangu ilikuwa ndani ya glovu. Midundo nikawekewa kwingine."

"Nitakushtaki."

"Kwa kosa gani? Nilikulipa unitengenezee albamu. Umetengeneza, na nzuri kweli."

Miaka yote ya ujanja, na kumbe Mchongo alikuwa amefanya kazi halali kutwa nzima na kupokea ujira wake, kama watu aliokuwa akiwacheka. Aibu ilimshika hadi masikioni.

Akaenda kwa mama yake, angalau apate pa kukaa bila kuchekwa. Mama alikuwa anachambua mchele, redio pembeni, machozi yanamlengalenga.

"Msikie huyu kijana," akasema. "Ana jina, ana kila kitu, na bado anamkumbuka mama yake. Wewe shati lako nililifua kila jioni, umewahi kunitaja popote?"

"Mama, huyo anayeimba ni mimi."

Mama akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mwaka juzi ulikuwa wakala wa bima. Mwaka jana ukawa daktari wa mifugo. Mwanangu, hata huyu mtoto wa mwenzangu unataka kumwibia?"

"Haki ya Mungu, Mama."

"Basi, yaishe. Kaa ujifunze kwa wenzako," akasema, akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Niongezee sauti kidogo."

Mchongo akainuka, akaongeza sauti yake mwenyewe, akakaa chini kuchambua mchele.