Mti wa Vipuri Elfu Kumi na Moja

Jumatatu, 11 Machi

Siku njema kuliko zote tangu niajiriwe! Mzee Lai, mkuu wetu wa vipuri, anastaafu Ijumaa. Bosi, Bi Tsai, ametangaza mbele ya kiwanda kizima, saksofoni zote zikiwa zimenyamazishwa, kuwa atakayeumudu mti mpya wa vipuri kwenye kompyuta ndiye atakayerithi kiti. Kiti chenyewe kiko chini ya kiyoyozi.

Mti huo uko kushoto mwa skrini. Unabofya alama ya kujumlisha kando ya "Saksofoni", yanachomoza matawi: Alto, Tenori, Baritoni. Unabofya tena, vinachomoza vitawi, hadi ufike kwenye kiskrubu ambacho hata sisimizi angekidharau, pamoja na namba ya droo yake. Vipuri elfu kumi na moja! Mimi, Kang Jui-ming, nina kipanya na vidole vyepesi. Mpinzani ni mmoja tu: dada Su-yun wa stoo, miaka hamsini na saba, anayeigusa kompyuta kama mtu anayeonja supu ya moto.

Ameniomba nimfundishe. Nimekubali upesi! Nimemwambia kipanya ni hatari, kinaweza kufuta kiwanda. Atumie vishale vya kibodi tu: cha kulia kufungua tawi, cha kushoto kulifunga, cha chini kushuka hatua moja moja. Atakifikia kiskrubu mwezi wa Mei. Ameshukuru, akaniletea keki mbili za nanasi. Dhamiri imenichoma kidogo, kwenye keki ya pili.

Jumanne, 12 Machi

Balaa. Amegundua kuwa ukiandika namba ya kipuri, mti unaruka wenyewe hadi kwenye tawi lake. Na namba anazo zote kichwani! Miaka ishirini na sita ya stoo. Mimi bado nanyemelea kile kialama cha kujumlisha, kidogo kama punje ya ufuta, nakikosa, nafungua Baritoni bila kutaka. Yeye ta-ta-ta, kafika, anakunywa chai.

Bi Tsai alisimama nyuma yake akitazama kwa mdomo wazi. Akauliza nani kamfundisha. Dada Su-yun akasema ni Jui-ming, kwa moyo wake wote.

Bosi amenipigapiga begani. Sijawahi kupongezwa kwa uchungu namna hii.

Jumatano, 13 Machi

Mpango mpya. Tawi zima la Tenori nitaliburuta na kulificha ndani ya tawi langu la "Barua za Kang". Kila atakayetaka Tenori itabidi apite kwangu. Akili!

Nilitekeleza wakati wa chakula cha mchana. Kosa langu ni paja la kuku wa kukaanga. Kidole kiliteleza njiani, Tenori ikaanguka mahali. Mahali gani? Sijui. Kwenye barua zangu haimo. Nimefungua na kufunga matawi hadi saa ya kutoka, jasho linanitiririka, nikitabasamu kwa kila aliyepita. Mzee Lai aliuliza kama naumwa. Nikasema ni mapenzi ya kazi.

Alhamisi, 14 Machi

Saa tisa simu ikalia. Mwalimu Pan wa bendi ya shule moja kule Taitung. Jumamosi watoto wake wanashindana. Leo msichana mmoja kaikalia tenori yake. Springi ya kitufe cha gumba imekatika, na bila tenori hiyo bendi haina wimbo. Gari la vifurushi linaondoka saa kumi. Mwalimu alikuwa karibu kulia. Nami pia, kwa sababu zangu.

Bi Tsai akaja kusimama nyuma yangu. Akauliza namba ya droo. Nikakumbuka kusoma kuwa kitufe cha kinyota hufungua matawi yote kwa mpigo. Nikaweka alama kwenye shina, juu kabisa ya mti, nikabonyeza.

Mti ukachanua! Skrini ikaganda. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Kang, umefanya nini?"

"Nafungua matawi, bosi."

"Mangapi?"

"Yote."

Dada Su-yun aliingia stoo kwa miguu yake, akarudi na springi kiganjani kabla kiduara hakijachoka. Springi ikaliwahi gari.

Kompyuta ilipozinduka, matawi yote yalikuwa wazi, naye akashuka nayo polepole kwa kishale. Akaikuta Tenori chini ya "Vifaa vya Choo", kati ya sabuni na mifuko ya taka. Akanitupia jicho.

Bosi akauliza imefikaje huko.

"Mti bado mchanga, bosi," akasema dada. "Matawi hayajajua kwao."

Ijumaa, 15 Machi

Kiti kimepewa dada Su-yun. Kiwanda kizima kimepiga makofi, nami pia, na ajabu ni kwamba yangu yalikuwa ya kweli. Ametoa sharti moja: msaidizi awe Jui-ming, maana anajua kufundisha.

Mchana nikauacha wali, nikamfuata dada Su-yun. Nikakiri yote: vishale, kipanya, kuku. Akacheka hadi akashika meza.

"Mdogo wangu, nilikuwa nacheza karata kwenye kompyuta hujaoa bado. Nilitaka tu kuona utafika wapi."

"Mbona hukunisemea kwa bosi?"

"Nani angekula keki zangu?"

Nimeapa kwa mungu wa kike Mazu kuwa sitaburuta tawi tena maishani. Nimejisikia mwepesi kama mtoto.

Jumamosi, 16 Machi

Zamu ya nusu siku. Mwalimu Pan amepiga: bendi imeshika nafasi ya pili, yule msichana anamsalimu aliyeipata springi. Nilimpa dada simu. Macho yake yalilowa, akasingizia vumbi la shaba.

Kisha bosi akaweka kwenye programu safari ya kumuaga mzee Lai kule mlimani Alishan. Nayo ni mti! Basi, Vyumba, Chakula. Mimi nimewekwa chumba kimoja na mzee Lai, ambaye hukoroma kama baritoni iliyopasuka. Tawi lililo juu ya hilo ni chumba cha mtu mmoja, kitupu, chenye dirisha. Jina langu si tawi. Ni jani tu. Nimeliburuta.

Sasa silioni. Nimefungua Vyumba: simo. Basi: simo. Nimempigia dada Su-yun nyumbani, nikamweleza kuwa kompyuta imenipoteza.

Akauliza taratibu, "Jui-ming, umejiburuta mwenyewe?"

Nimekata simu. Ninao mpango.