Ombi la Kuvuliwa Cheo cha Mume wa Bibi Yangu

Chumba cha kupanga nyuma ya kinu cha unga,
Garsen.

Kwa Mheshimiwa Chifu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BIBI PRISCILLA WA KULESA

Shikamoo Mheshimiwa, na pole kwa joto hili. Najua mezani pako kuna mambo mazito: ng'ombe walioingia kwenye mpunga, viboko waliofyeka migomba ya watu, na mipaka ya mashamba ambayo mto huisogeza kila unapofurika. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uanahabari katika chuo kimoja hapa Garsen, na shida yangu si ng'ombe wala kiboko. Kiboko angalau ukimmulika tochi huenda zake. Shida yangu ni Bibi Priscilla, mama mzazi wa baba yangu na mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, ambaye tangu nizaliwe ananiita mume wake.

Desturi unaijua kuliko mimi. Mtoto wa kiume akipewa jina la babu yake, bibi humwita mume wangu, humdai nyama ya sokoni, humnunia akichelewa kumjulia hali, na watu hucheka. Nilipokuwa mdogo nilicheka nao. Sasa nina ndevu, za kuhesabika lakini zipo, na nina msichana ninayempenda. Anaitwa Nyevu, ni wa Idsowe, na tunasoma darasa moja. Nataka anitazame kama mwanamume wa kisasa mwenye ladha zake. Hilo haliwezekani ikiwa tayari nina mke wa miaka sabini na ushei anayenitafuta kila siku ya soko. Ndiyo maana naomba ofisi yako inivue cheo hiki rasmi, kwa sababu zifuatazo.

1. Kuaibishwa kwenye lango la chuo.

Bibi alifika na mkungu wa ndizi kichwani, akamwambia askari wa langoni, "Niitie mume wangu." Askari, kwa heshima zake zote, akamuuliza mumewe anafundisha idara gani. "Hafundishi," Bibi akasema. "Ndiye anayefundishwa, na bado hajashika." Nilitokea wakati huohuo nikiwa na Nyevu, ambaye nilikuwa nimemweleza kuwa mimi ni mtu wa Mombasa zaidi, kwa vile nilifanya mazoezi ya kazi kule muhula mzima. Bibi alimtazama Nyevu kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye kilemba, kisha akanigeukia. "Kumbe ndiyo sababu simu zangu hushiki." Tangu siku hiyo, nikipita langoni askari ananiuliza mama watoto hajambo.

2. Kahawa yangu.

Mheshimiwa, starehe za mwanafunzi ni chache. Yangu mojawapo ni kahawa ya barafu, ile wanayokunywa vijana kwenye tamthilia za Kikorea wakitembea na glasi mkononi kana kwamba hakuna mahali wanapochelewa. Garsen hakuna mkahawa wa namna hiyo. Barafu naipata kwa Shee, muuza samaki, ndani ya friza lake, chini ya kambare. Naisuuza vizuri. Kisha nasimama mlangoni pangu nikinywa taratibu ili wapita njia waione glasi. Bibi aliionja, akafumba macho, akasema mbele ya Nyevu, "Mume wangu, hii kahawa imelala na samaki." Nyevu, ambaye alikuwa amekwisha kuinywa mara nyingi kwa adabu, aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Sina tena mtu wa kunywa naye.

3. Koti langu (na hili ndilo linaniuma zaidi).

Nililinunua mitumbani. Ni koti jeusi la sufu, linafika magotini. Waigizaji wa Korea huvaa makoti kama hayo theluji ikianguka, na mpenzi huegemea kifua chao akilia. Nakiri kwamba Garsen theluji haijawahi kuanguka. Nakiri pia kwamba siku moja niliyolivaa darasani nilishikwa na kizunguzungu kabla ya saa nne, mwalimu akaniuliza kama nina malaria. Lakini koti ni langu. Likizo ilipofika nililipeleka Kulesa lipunge upepo.

Wakati huo mpunga wa Bibi ulikuwa umeanza kujaza maziwa ndani ya punje, na ndege walishuka kwa makundi kama walioalikwa. Mimi nilipewa kazi ya kukaa dunguni, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, kuwafukuza kwa kelele na kombeo. Nikaona kelele za mdomo ni mambo ya zamani. Nilipanda na spika yangu, nikafungulia muziki wa amapiano. Mheshimiwa, ndege waliongezeka. Nadhani waliitana. Niliporudi kutoka chakulani nilikuta Bibi amefunga vijiti viwili, amevivika koti langu, na juu yake ameweka sufuria kuukuu. Hapakuwa na ndege hata mmoja. "Mume wangu wa vijiti," akasema, "ana kazi kuliko mume wangu wa nyama."

Nyevu alikuwa amekuja kututembelea kwa bodaboda siku hiyo. Alipiga picha, akaiweka kwenye simu yake watu wote waione, na chini akaandika, "Mtu wangu akiwa job." Darasa zima lilinipongeza kwa kusaidia nyumbani. Hata Rayyan, kijana wa Kipini ninayeishi naye chumba kimoja, mtu ambaye hunivumilia asubuhi na jioni, alikuja baadaye shambani akalipungia mkono lile sanamu toka ng'ambo ya mfereji na kuliuliza mbona limekonda.

4. Tamthilia zangu kuporwa.

Simu ni yangu na vifurushi ni vyangu. Bibi hasomi yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, wala Kikorea hakijui, lakini hilo halimzuii. Anazisoma nyuso. "Huyu mwenye suti anataka shamba la marehemu. Huyu mama si mama yake, tazama anavyomkatia mkate. Na huyu mnene ni chifu, ameshakula kuku wa pande zote mbili." Samahani Mheshimiwa, hayo ni maneno yake, mimi nanukuu tu.

Niliitazama tamthilia hiyo yote, kisha nikairudia. Nilijaribu kueleza kwamba ni habari ya mrithi wa kampuni ya simu aliyepoteza kumbukumbu. Nyevu aliniwekea kidole mdomoni, akapunguza sauti ya simu ili amsikie Bibi vizuri. "Yako ni ya kweli," akaniambia, "lakini ya Bibi ni tamu." Na Bibi akaongeza, "Mume wangu unasoma tu, hutazami." Sasa kila wakikutana wanaendelea na ile yao, ambayo imefika mbali sana. Mrithi wangu wa kampuni ameoa kule Tarasaa na amefunguliwa kesi ya migomba.

5. Kuozwa mke wa pili bila kuulizwa.

Nilitegemea Nyevu angekasirika, na hasira yake ingenisaidia kumwambia Bibi aache. Lakini Nyevu ni Mgiriama, na utani huu kwao upo. Siku ya pili tu alipiga goti akamwita Bibi mke mkubwa. Bibi akamkaribisha kwenye boma. Wakanigawana palepale mbele yangu, huku wakimenya maembe mabichi: Jumamosi ni ya mke mkubwa, Jumapili baada ya ibada ni ya mke mdogo, na siku zilizobaki nimeruhusiwa kusoma. Mapungufu yangu wanayajadili nikiwepo. Juzi wamekubaliana kwa kauli moja kuhusu nywele. Nimekuwa nikizitenganisha katikati ili zianguke kwenye paji la uso kama za waigizaji niwapendao. Zimekataa kuanguka. Zimesimama pande mbili kama masikio ya mbuzi aliyesikia panga. Wake zangu, namaanisha walalamikiwa, wamenipa mpaka mwisho wa mwezi nizinyoe.

6. Kanisani.

Hili nitalieleza kwa kifupi kwa sababu bado sijapoa. Wageni waliombwa wasimame. Nyevu alisimama. Kabla hajafungua mdomo, Bibi aliinuka kwenye safu ya kwaya akasema, "Huyu ni mke mwenzangu. Mume wetu ni yule anayejificha nyuma ya nguzo." Makofi yalipigwa. Mchungaji, ambaye alikuwa ametoka kuhubiri juu ya ndoa ya mke mmoja, alifungua kitabu cha nyimbo akakishika juu chini.

Mheshimiwa, sheria inasema mtu aoe kwa hiari yake, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu. Mimi nilioa siku niliyozaliwa, nikilia, na mashahidi wote walikuwa upande wa bibi harusi. Ndoa hiyo haina mguu wa kusimamia. Kama leo tutairuhusu, kesho wajomba watawaita wapwa zao wakwe na kuwadai mahari, keshokutwa kila mtoto mchanga wa Tana Delta atakuwa na ndoa, na vijana wa kisasa tutaisha.

Kwa hiyo naomba umwite Bibi Priscilla barazani. Naomba aamriwe kulirudisha koti, hata kama mpunga bado. Naomba aache kuisimulia tamthilia isipokuwa kwa idhini yangu ya maandishi. Na zaidi ya yote naomba ndoa hii ivunjwe, na aniite kwa jina langu kama wanavyoniita watu wengine wenye heshima zao. Ikiwa hawezi kuishi bila mume, wapo wengine. Yupo hata Rayyan, ambaye bibi zake wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na ambaye husalimia vizuri na kula kila anachopewa.

Niko tayari kufika mbele ya baraza siku yoyote isipokuwa Jumamosi, kwa sababu ambazo nimekwisha kuzieleza.

Wasalimie wazee wote wa baraza, karani wako, na mama Tuneya anayewapikia chai. Mwambie yale mahamri ya mkutano uliopita bado tunayazungumza. Wasalimie na nyumbani kwako pia, na Mungu akupe subira ya kunisoma mpaka hapa.

Ni mimi mwananchi wako ninayeitafuta heshima kwa tochi,

Reuben

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, barua ilikuwa imekwisha kukunjwa. Lakini tumefundishwa darasani kwamba anayelalamikiwa apewe nafasi ya kujibu, basi Jumapili nilikwenda Kulesa nikamsomea Bibi yote, mstari kwa mstari. Nilitegemea atacheka. Kuna mahali nilitua kusudi apate nafasi ya kucheka. Alikuwa anapepeta mchele, na aliendelea kupepeta. Nilipomaliza alisema, "Sawa. Nimekusikia, Reuben." Kisha Rayyan, aliyenisindikiza, akaingia na ndoo ya maji, naye akamwambia, "Karibu ukae, mume wangu."

Jambo moja sikulieleza huko juu kwa sababu sikulifikiria. Bibi zetu wa rika lile hawataji majina ya waume zao. Babu Reuben alifariki kabla sijazaliwa, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia Bibi akilitaja jina hilo, si akiwa hai, si alipozikwa. Mimi pia sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Nilipougua hakulitaja. Nilipopotea sokoni nikiwa mdogo alipita kwenye meza za watu akiuliza nani amemwona mume wake. Jumapili alilitaja hivihivi, kama jina la mtu yeyote, akaendelea na ungo wake.

Nyevu amesema nilitaka, nimepata. Rayyan ameniomba radhi, lakini ndizi ameletewa yeye.

Naiondoa kesi. Usimwite barazani, tafadhali, mguu wake wa kushoto unamsumbua. Koti abaki nalo. Kama ndoa imeshavunjika, nitaleta wazee nipose upya, na kama nafasi imejazwa, nitakubali kuwa mume mdogo. Nilijaribu kumwambia haya mwenyewe nikashindwa, nikaishia kumsaidia kubeba gunia. Ukipita Kulesa kabla yangu, Mheshimiwa, mwambie asiniite Reuben.