Vibandiko Vyekundu Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 3 Juni
Halmashauri inataka maoni yetu! Ukumbini wametundika ramani ya mtaa, hata saluni yangu ya kunyolea imo. Kila mwananchi atabandika vibandiko vya rangi, ndipo wajue kituo kipya cha basi kikae wapi. Mbele ya saluni yangu, wapi tena! Si kwa Fundi Viatu wa ng'ambo ya barabara, anayejiona mtaa ni wake. Wateja wameadimika. Nisipopata kituo, mke wangu anasema nikabebe magunia dukani kwa kaka yake. Thubutu!

Jumatano, 5 Juni
Nimenyoa bure nusu ya mtaa, kwa sharti wabandike kwangu. Dada wa halmashauri alipoeleza rangi, nilikuwa nje nawapanga watu. Maelezo ya nini? Nyekundu ndiyo inaonekana mbali. Mama mkwe kabandika vyake vyote, hata kavikandamiza kwa kidole gumba. Fundi Viatu alinivuta shati, eti nisubiri kwanza. Wivu huo!

Ijumaa, 7 Juni
Sielewi. Sielewi hata kidogo. Dada kanipongeza kwa kuhamasisha wananchi, kisha akasema saluni itabomolewa. Eti nyekundu ni kero, iondolewe! Nikamgeukia mama mkwe anitetee. Akasema hata yeye alishangaa, ila mkwe akikuomba jambo humnyimi. Saluni nimeijenga kwa mikono yangu, jamani. Nimelia.

Jumatatu, 10 Juni
Mkutano wa pili: pale kwangu pawe nini? Safari hii sidanganyiki. Kijani ndiyo nzuri! Nimenyoa bure tena, hata wenye vipara. Dada alipoanza kueleza rangi nikamwambia asijichoshe, tunazijua.

Jumanne, 11 Juni
Kijani ilikuwa choo cha umma. Kimepita kwa kishindo. Ya kutaka saluni ibaki ilikuwa njano, na njano ilipata kibandiko kimoja tu. Cha Fundi Viatu. Tena kaniambia niweke kiti changu barazani kwake, ninyoe hapo. Anapanga nini yule? Mke wangu kasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miguu yangu mizima, sijui anamsema nani.

Keshokutwa wanajadili taa za barabarani. Nasikia kuna vibandiko vya bluu. Bluu haijawahi kumdhuru mtu. Nimeshaanza kunyoa.