Paka Mguuni

Jumatatu, 3 Juni
Mama mkwe kaondoka alfajiri kwenda kupasuliwa jicho. Atarudi Jumamosi. Kaniachia paka wake, Jaji (anakutazama kama keshakuhukumu), na tyubu ya dawa ya meno ya paka, maana daktari wa mifugo kaona ukoga. Kasema pia, mbele ya mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu: atatazama Jaji alivyotunzwa, kisha ataamua nani kati yetu wawili apewe chumba cha mbele cha nyumba yake.

Chumba cha mbele! Chenye dirisha la barabarani! Miaka sita natengeneza saa chini ya ngazi za duka la madaftari, na kila mwenye duka akifagia, vumbi linaingia matumboni mwa saa za watu. Mwanyumba ni kinyozi. Ana vioo vitatu ng'ambo ya barabara, lakini macho hayashibi.

Maagizo yamebandikwa kwenye friji. Herufi kubwa kwa sababu ya jicho, nukta wala mkato hakuna: PAKA MGUUNI ASUBUHI NA JIONI USITUMIE NGUVU. Nimeelewa. Paka awekwe mguuni, yaani abanwe kati ya magoti, asuguliwe meno. Nguvu nani atatumia? Mkono huu unafungua saa ndogo kama punje ya kunde.

Jumanne, 4 Juni
Asubuhi nimemweka mguuni. Hakukaa. Nilitumia kiburashi changu cha kusafishia saa, laini kabisa. Hasara: mikwaruzo minne, suruali moja. Dawa imeingia sikioni. Langu.

Jioni Jaji yuko juu ya kabati. Nikamwita mheshimiwa. Nikamwita baba. Wapi!

Mke wangu, mwalimu wa darasa la pili, kauliza kwa nini nachechemea. Nikasema ni kazi. Nikimwambia atamwambia dada yake, na yule hana kifua hata kidogo.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu ya taulo. Nimemviringisha Jaji, kikabaki kichwa tu. Ndipo mwanyumba akachungulia dirishani. Kauliza, kwa sauti ya asali, Fundi Dakika siku hizi anapiga pasi paka? Taulo likafunguka. Sitaandika kilichofuata.

Mwanyumba kaleta kichwa cha samaki. Mnafiki! Hajawahi hata kumsalimia huyu paka. Jaji kala, kisha kaenda kujisugua miguuni pake. Miguuni! Kwa hiari yake! Roho imeniuma, sifichi.

Alhamisi, 6 Juni
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama kweli: nikapiga magoti sakafuni mbele ya Jaji, nikapaka ile dawa kwenye meno yangu mwenyewe, nikasugua, nikatabasamu, ili aone mfano mwema. Ladha yake ni ini la juzi. Jaji katazama mwanzo hadi mwisho, kisha kapiga mwayo.

Nilipogeuka, mteja wangu wa saa ya ukutani kasimama mlangoni. Kasema hana haraka, atapita siku nyingine.

Ijumaa, 7 Juni
Jaji katoroka. Yuko kwa mwanyumba, kajilaza kwenye kiti cha kunyolea. Nimekwisha!

Mke wangu karudi kanikuta nimekaa sakafuni na taulo. Nikaungama yote. Kaisoma ile karatasi, kacheka mpaka akashika friji. Kasema hiyo "paka" si mnyama, ni kitenzi. Unampaka dawa mguuni, mwenyewe analamba, meno yanasafika. Kasema watoto wake wa darasa la pili wangeelewa. Nikamjibu watoto wa darasa la pili hawana mama mkwe.

Nimevuka barabara na tyubu. Nimempaka Jaji mguuni palepale kitini, mbele ya wateja wawili wenye povu shingoni. Kalamba. Sekunde nane. Na mimi siku nne namwaga damu!

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe karudi, jicho moja lina bandeji. Kamfungua Jaji mdomo, kanusa. Kasema meno si haba. Lakini mbona paka anatetemeka akiniona mimi? Mwanyumba akakohoa. Nikasema ni heshima.

Mama mkwe kasema ataamua Jumatatu jioni, akitoka kubadilishiwa bandeji. Siku mbili za kujirekebisha. Bado nimo!

Jumatatu, 10 Juni
Nimeamka, mama mkwe keshaondoka, mke wangu yuko shuleni. Kwenye friji kuna karatasi mpya: PAKA NJE USISAHAU MVUA INAKUJA.

Mtu mwingine angedhani ni habari za mnyama. Mimi? Kitenzi! Nimesomeshwa, nikaelimika. Na mwenye akili anaona mbali: mtu hakwambii upake nje ya chumba kama hana nia ya kukupa chumba. Nimekimbia dukani, nimechukua rangi ya kijani, galoni mbili. Nimepaka ukuta wote wa mbele, fremu za dirisha, na kizingiti.

Mvua imenikuta kwenye kona ya mwisho. Rangi imechuruzika kidogo, itakaa.

Kero ilikuwa moja tu, Jaji. Tangu asubuhi yuko mlangoni, kaloa chapachapa, analia na kuparua mlango, ubavu mzima umekuwa kijani. Sijui alitaka nini. Nimemfukuza mara tatu asiniharibie kazi. Mwishowe kavuka barabara mbio, kaingia kwa mwanyumba. Nimemwona mwanyumba akimfuta kwa taulo. Taulo! Mbinu yangu!

Naisikia teksi ya mama mkwe inasimama. Nimechana nywele. Meza yangu nimeshaipima, itakaa vizuri hapa dirishani.