Koti la Harusi Halifungi

Jumatatu, 2 Juni

Bintiangu anaolewa mwisho wa mwezi. Leo kaja dukani na ombi moja tu: siku hiyo nimshike mkono nikiwa nimevaa koti nililomwolea mama yake. Lile la kwenye picha ya sebuleni. Anasema tangu mdogo akiitazama picha ile anajiona anatembea na yule mtu. Nikamwambia, hilo tu, mwanangu? Umepata!

Alipoondoka nikalivaa. Mikono, sawa. Mabega, sawa. Tumbo... Lahaula! Kifungo na tundu lake vimekataa hata kusalimiana.

Mtu atasema, si wewe ni fundi cherehani? Lipanue. Nimefumua mshono. Hakuna kitambaa cha akiba hata cha kufutia miwani. Aliyelishona alikuwa kijana bahili sana. Yaani mimi.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi yameanza! Nimekimbia hadi sokoni na kurudi. Kurudi nilitembea. Kusema kweli, kwenda pia nilitembea, ila kwa hasira. Jirani yangu wa barazani, fundi viatu, ambaye kwa wembamba wake tunamwita Bua, akauliza ni nani anayenifukuza. Achana naye. Anakula kama mchwa na hanenepi, eti kwa sababu kutwa yuko miguuni: kupeleka viatu, kufuata gundi, kufuata umbea.

Nimerudi na njaa ya halali. Mayai, mkate, tena mkate. Mke wangu akaitazama sahani, akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba nilichokitoa mwilini lazima nikirudishe. Kisha nikaketi kwenye cherehani na sikuinuka hadi jioni, maana mwili uliofanya kazi hupumzishwa. Mkasi ulikuwa mezani, mke wangu akanipa. Pasi akanipa. Maji pia, baada ya kusonya.

Jumamosi, 7 Juni

Shemeji yangu nesi, mdogo wake mke wangu, kaja kututembelea. Angebaki kwake! Anasema kukimbia asubuhi ni jambo jema, ila hakufuti kukaa kutwa kama gunia la mkaa. Anasema watu wazima wengi wakishafanya mazoezi hujipa zawadi, wanakula zaidi na wanakaa zaidi, mwisho wanabaki palepale. Niwe nainuka mara kwa mara. Nikate vitambaa kwa kusimama. Nile mezani na wenzangu, siyo kudonoa karanga kwenye kopo la vifungo.

Nani kamwambia habari za kopo?! Mke wangu, bila shaka. Juzi alikuwa anatafuta vifungo vya blauzi ya mteja, akashika karanga za chumvi.

Mbaya zaidi, wamepatana wawili hao. Jumanne nitapimwa kiuno. Kama hakijapungua, mtoto ataambiwa mapema asahau kuhusu lile koti. Nikamwona akilini bintiangu akiambiwa hivyo, uso wake ukinywea. Hapana. Lazima kiuno kipungue, au kionekane kimepungua. Hilo la pili ni rahisi zaidi.

Jumanne, 10 Juni

Akili ni mali! Alfajiri nilifumua kile kibati cha mwanzo wa tepu ya kupimia, nikaunga kipande cha tepu kuukuu, nikakirudisha kibati mahali pake. Sasa tepu inazunguka sana kabla haijaanza kuhesabu. Mke wangu akanipima. Pungufu! Akatabasamu, akanipigapiga begani, akasema hakuamini ningeweza. Roho ikanisuta. Kidogo. Kisha chai ikaja.

Mchana bintiangu kaja na wasimamizi wake kupimwa magauni. Mke wangu akaichomoa tepu shingoni mwangu. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Wote wamekonda! Shangwe, vigelegele, msimamizi mmoja akanikumbatia kana kwamba mimi ndiye niliyemkondesha. Wakaenda kununua keki. Nikajiambia, uongo unaofurahisha umati mzima una ubaya gani?

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwisha.

Mke wangu hupima mwili kwa tepu, lakini hukata kwa rula ya mbao ya mezani. Mwenzangu wa miaka yote hii, na sikulikumbuka! Tepu inadanganya, rula haijui kudanganya. Leo wamekuja kujaribu magauni. Zipu hazipandi. Msimamizi wa kwanza akasema ni keki. Wa pili akasema ni keki. Bintiangu alisimama mbele ya kioo ameshika gauni mgongoni, akaanza kulia. Akasema kumbe amenenepa hivyo, hatakula tena mpaka siku ya harusi.

Nilikuwa nimeketi. Niliona aibu mpaka miguuni.

Mke wangu akailaza tepu juu ya rula. Akaigeuza, akaona mahali palipoungwa. Akasema mshono huu mdogomdogo anaujua, ndio uliomfanya anipende. Alisema polepole, na ndiyo maana niliogopa.

Nikamwambia mwanangu ukweli wote. Si yeye, ni mimi. Sikutaka koti limshinde baba yake. Akanikodolea macho, kisha akacheka huku machozi yanamtoka, akauliza ni baba gani huyu Mungu amempa.

Hukumu imetolewa na mama yake. Cherehani na kiti ni vyake mpaka harusi. Mimi nitakata magauni yote upya, nimesimama. Kitambaa nitakitafuta mwenyewe. Kila msimamizi nitamfuata kwake, nimwombe radhi na kumpima, kwa tepu mpya. Nitakula wanapokula wengine, kilichopo mezani. Kopo la vifungo limehamishwa, sijui liliko.

Jumanne, 24 Juni

Sina muda wa kuandika. Rangi ile ya kitambaa imekwisha dukani, nimezunguka mji mzima kwa miguu. Bua alinisindikiza, kumbe anajua vichochoro vyote. Njiani nimegundua ni mcheshi, sitamwambia. Msimamizi mmoja anaishi ghorofa ya juu kabisa, ndivyo bahati yangu ilivyo. Nimepanda ngazi zake mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza nilisahau tepu na ya pili hakuwepo.

Jioni nakula wali wangu kama watu, nalala kama gogo. Usiku sijaamka kutafuta kitu cha kutafuna. Suruali zinanidondoka. Nadhani lastiki zimelegea, siku hizi hawatengenezi vitu vya maana.

Jumamosi, 28 Juni

Limefunga!

Nilivuta pumzi kidogo, siwezi kuficha. Lakini kifungo kimeingia tunduni na kikakaa. Mke wangu alinitengeneza kola, akasema yule kijana bahili bado yupo. Zipu za magauni zote zilipanda. Bintiangu aliponiona mlangoni alishika kile kifungo kwa vidole viwili kama anakihakikisha, kisha akanishika mkono tukatembea. Nililia mbele za watu. Sijali. Wala sikuketi muda wote, nilicheza hadi wanamuziki wakafungasha vyombo.

Jumapili, 29 Juni

Bua kaja kuuliza siri ya tumbo langu. Nikamweleza: ni zile mbio za sokoni mwanzoni mwa mwezi. Pamoja na nia thabiti. Hizi wiki mbili za kusimama na kutangatanga zimenichelewesha tu, bila hizo ningekuwa mwembamba kuliko yeye. Akaniangalia sana, akaondoka.

Shemeji nesi asije akadhani sikumsikiliza. Kuanzia kesho natembea zaidi dukani: nimeagiza kiti chenye magurudumu. Nitafuata mkasi mwenyewe, pasi mwenyewe, maji mwenyewe, bila kumsumbua mke wangu na bila kuinuka. Kwa furaha nimemaliza keki iliyobaki. Ni zawadi, na mtu aliyeshinda hanyimwi zawadi.

Jioni hii bintiangu kapiga simu. Kwa mumewe kumbe ni mitaa michache tu kutoka hapa. Anasema miguu yangu jana ilimfurahisha, kwa hiyo kila jioni atanipitia tutembee pamoja, mimi na yeye, tukipiga soga, maana anataka wanawe watakaozaliwa wamkute babu yao. Moyo ukajaa. Nikamwambia aje, mwanangu, aje kila siku, sitakosa hata moja.

Ila aje na gari la mumewe.