Maneno Kumi na Matatu kwa Dakika Moja

Goma, Murara, tarehe 12 Mei

Kwa Bwana Mtafiti Mkuu,
Mradi wa Kupima Lengo la Elimu

Nakala: Mama Louise, mkuu wa shule yetu; na Kamati ya Wazazi

Kuhusu: Malalamiko juu ya mtoto wangu kuelewa anachosoma

Bwana Mtafiti Mkuu,

Pokea salamu zetu kutoka Murara. Natumaini ulifika salama na vumbi letu jeusi limeshatoka kwenye viatu vyako. Mimi ni Mirindi Murhula, mshonaji wa nguo, baba wa Aurélie wa darasa la sita, yule msichana mrefu aliyeharibu hesabu zenu. Ninaandika kwanza kuomba radhi kwa niaba ya familia, halafu kulalamika kidogo, kwa heshima zote.

Nisikusumbue kutafuta kwenye makaratasi, nakukumbusha kilichotokea. Mwezi uliopita vijana wako walikuja shuleni na tablete na saa ya kuhesabu sekunde. Kila mtoto wa darasa la sita alipewa hadithi, akaambiwa asome kwa sauti dakika moja, nao wakahesabu maneno. Aurélie alisoma hivi: "Kito ana mbuzi mmoja. Jua ni kali. Mbuzi anashuka shimoni kupumzika. Kito anamfuata." Hapo akanyamaza. Akamtazama kijana wako Darius, akamwambia: "Monsieur, huyu mutoto asishuke mule. Iko mazuku. Atakufa pamoja na mbuzi yake."

Darius amefundishwa vizuri, kwa hiyo hakujibu. Mwongozo wenu unakataza kuongea na mtoto saa ikiwa inatembea. Aurélie naye amefundishwa kungoja mkubwa amjibu, akangoja. Dakika ikaisha. Maneno kumi na matatu. Tablete ikaandika kwamba hajui kusoma.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtoto wangu anaelewa. Tumejitahidi kutafuta alikoupata ugonjwa huu na nadhani tumepajua. Wewe umetoka mbali, kwa hiyo niruhusu nieleze: mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe yetu ya volkano na kulala mashimoni. Haina rangi, na pua haiisikii. Mnyama akishuka anaanguka, na mtu akimfuata anaanguka karibu naye. Mwaka ule volkano ilipolipuka tulikimbilia Mugunga, kwa rafiki yangu Twagirimana. Mwanawe Gentil, mwenye miaka minane, alishuka shimoni kufuata mpira asubuhi moja yenye ubaridi. Aurélie alikuwa amesimama juu akimwita. Mimi ni mmoja wa waliombeba yule mtoto kumpeleka kaburini, na mpaka leo roho inaniuma nikikumbuka alivyokuwa mwepesi. Ninakiri kwamba jambo hilo liliharibu kasi ya binti yangu. Ilitakiwa tumwandae kwa kumweleza kwamba shimo la kwenye hadithi halifanani na shimo la Mugunga, na kwamba Kito si mtoto wa mtu.

2. Shule inamwonea huruma isivyostahili. Mama Louise, baada ya kusikia kwamba mradi utabaki tu katika shule zenye wastani mzuri, amemhamishia Aurélie darasa la pili, akae na watoto wa miaka saba. Magoti yake hayaingii chini ya dawati, anakaa upande kama mtu anayesubiri gari. Pia jina lake limeondolewa kwenye orodha ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na orodha hiyo inaondoka Ijumaa. Nilipokwenda kumwona, Mama Louise aliniambia kwa upole: "Papa Mirindi, miye nitafanya aje? Machine ndiyo imesema." Mimi nasema huko ni kumdekeza. Kama kweli hajui kusoma baada ya miaka sita, angefukuzwa yeye, walimu wake wote sita, na mimi niliyekuwa ninampigia pasi sare.

3. Mkutano wa wazazi ulipotea bure. Ulituonyesha ukutani mchoro mzuri wa rangi, ukatueleza kwamba utafiti umethibitisha lengo la elimu, nalo ni maneno tisini kwa dakika. Tulipiga makofi. Ndipo akasimama muzee Védaste, aliyefundisha filozofia sekondari miaka thelathini na miwili, akasema: "Miye nauliza tu: masomo iko ya nini?" Ukamjibu kwamba swali ni zuri na lina sehemu yake kwenye fomu, chini kabisa, panapoitwa Mengineyo. Muzee hakuridhika. Alianzia kwa Wagiriki wa zamani, na kabla hajafika Kongo akina mama wote walikuwa wameshaondoka kwenda sokoni. Wewe ulimtolea takwimu, yeye akakutolea asili ya roho ya mwanadamu. Saa nzima mlibishana juu ya mtoto kwa ujumla, na hakuna kati yenu aliyetaja jina la mtoto aliyekuwa amekaa mlangoni na baba yake akingoja jibu. Simlaumu mmoja zaidi ya mwingine. Nyote mna elimu ya kutosha.

4. Mimi mwenyewe nilikuwa ninafanya kazi kinyume na sayansi. Kwa miaka ishirini, mteja akiingia, kabla sijashika futi ya kupimia namwuliza: nguo ni ya nini? Ya harusi, ya kazi, au ya kuzikia? Akishajibu ndipo napima. Sasa naona nilikuwa ninapoteza muda wa watu. Tangu Jumatatu napima kwanza na siulizi kitu. Mama mmoja aliyekuwa akienda harusini ameondoka na suruali mbili zenye vipimo sahihi kabisa.

5. Mradi wenu unaishia njiani. Kama kasi ndiyo lengo, kwa nini wateseke watoto peke yao? Ninaomba Padri wetu apimwe Jumapili, maana anasoma Injili polepole na kuna mahali hunyamaza kabisa, jambo linalotia shaka kuhusu masomo yake. Muuguzi anayesoma karatasi ya dawa mara mbili kabla ya kuchoma sindano arudishwe darasa la pili, akae karibu na Aurélie. Vilevile vibao vyekundu vilivyowekwa kwenye mashimo ya mazuku viongezewe maandishi, yafike maneno tisini, na wapita njia wavisome huku wakitembea. Atakayesimama kufikiri aandikwe kuwa hajui kusoma. Atakayeshuka hadi chini bila kukatiza sentensi apewe nafasi ya kwanza.

6. Mwisho, naomba mtaalamu wa kumtibu binti yangu. Nimeanza mwenyewe nyumbani. Namweka mbele ya gazeti, na kila akikunja uso kwa sababu ya habari aliyosoma nagonga meza. Juzi alisoma habari ya watu waliorudi vijijini kwao na kukuta nyumba zimeungua. Niligonga meza mara nne. Aliinua macho akaniuliza: "Papa, unataka nisome ao unataka nipite?" Sikuwa na mwongozo, kwa hiyo nilifanya kama Darius, nikanyamaza. Niseme ukweli, Bwana Mtafiti, niliona haya.

Kwa hiyo, baada ya kejeli zote ambazo najua umeziona, ombi langu ni moja. Jina la Aurélie Murhula lirudi kwenye orodha kabla ya Ijumaa. Mtoto aliyeacha kusoma ili amwokoe mwenzake amesoma kuliko wote mliowapima mwezi uliopita, na kipimo kisichoweza kuliona hilo mkitupe ziwani. Sitaki ripoti, sitaki mchoro, na cheti mnachowapa washindi wa kasi sitakipokea hata mkikileta kwa magoti.

Wasalimie wenzako ofisini, msalimie Darius ambaye hana kosa, wasalimie na wale waliotunga hadithi ya Kito, popote walipo. Mke wangu Mwavita anakusalimu. Muzee Védaste pia anakusalimu, na anasema hajamaliza.

Ni mimi, mzazi wako katika sayansi,

Mirindi Murhula
Mshonaji, Murara

N.B. Nilikuwa ninafunga bahasha hii wakati Christa, mdogo wake Aurélie, wa darasa la nne, aliporudi nyumbani mbio. Leo ilikuwa zamu ya darasa lao kupimwa kwa hadithi ileile. Amesoma maneno tisini na manne, amekuwa wa kwanza shule nzima, na Mama Louise mwenyewe amemshika mkono mbele ya wote. Nilimwuliza Kito alipatwa na nini huko shimoni. Akasema hajui, alikuwa anasoma. Bwana Mtafiti, ninaomba cheti chake kiletwe upesi, kiwe na muhuri na jina kamili la baba, maana Mwavita ameshapiga msumari ukutani na majirani wameanza kuuliza. Kuhusu Aurélie, tunaweza kungoja hadi mwakani.